Kitanda cha Digrii Sita

Mzee Erastus Nzomo hakuwa amecheka tangu Machi, mwezi alioanguka bafuni na upande wake wote wa kulia ukakataa kumtii. Siku aliyocheka ilikuwa ya Oktoba, na aliyemchekesha ni mwanawe Justus, aliyepiga simu ya video kutoka Ujerumani kumwarifu kwamba amepata kazi ya kulala.

“Kulala?” mzee akauliza. Ulimi ulikuwa bado mzito, maneno yakimtoka kama mtu aliyejaza mdomo isyo ya moto, mahindi na maharagwe.

“Kulala, Baba. Siku sitini. Siruhusiwi kukaa, siruhusiwi kusimama. Kula nikiwa nimelala, kuoga nikiwa nimelala, choo pia hapo hapo.”

“Na wanakulipa?”

“Wananilipa.”

Mzee akacheka mpaka mate yakamchuruzika upande ule wa mdomo uliolegea. Kavata, bintiye wa kwanza, akamfuta kwa kitambaa huku naye akicheka bila kujua hasa anacheka nini. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, ana duka la agrovet, la dawa za mifugo na mbegu, pale Masii sokoni, na tangu baba yake augue alikuwa akifunga duka saa tisa na nusu ili amgeuze, ambadilishe na kumlisha. Kicheko kile alikuwa amekisahau. Mama yao alikuwa amefariki zamani, na katika nyumba ile walibaki wawili tu.

“Mwana wakwa,” mzee akasema alipopata pumzi, “mimi niko na miezi saba kitandani na hakuna aliyenilipa hata shilingi. Hebu eleza hiyo kazi vizuri.”

Justus akaeleza. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi katika nyumba ya wazee huko huko Ujerumani. Kituo kimoja cha utafiti kilitafuta watu wazima wenye afya, nao wangelazwa ili madaktari waone mwili unavyobadilika kama wa mwanaanga. Maana watu walio angani, alisema, hukaa miezi wakielea, na mwili usiobeba uzito wake husahau kazi. Mifupa hupoteza chokaa, misuli ya miguu hunywea, na damu hupanda kichwani hadi kuyasumbua macho. Kabla ya kuwapeleka watu mbali zaidi ni lazima dawa ya hayo ijulikane, na kumpima mtu aliyelala duniani ni rahisi kuliko kumpima aliye juu.

“Kwa sababu kule juu hakuna mvutano wa dunia,” Kavata akasema. Hilo alilikumbuka kutoka shule.

“Upo, dada. Watu wengi hukosea hapo. Mvutano upo karibu kama huu wa kwetu. Ila chombo chao kinaanguka, nao wanaanguka pamoja nacho. Kinaenda kasi sana, hata kila kikianguka, dunia nayo imejipinda chini yake. Mtu anayeanguka hasikii uzito wake.”

“Wanaanguka na hawafiki,” mzee akasema.

“Ndiyo hivyo, Baba. Sasa sisi hatuwezi kuanguka siku sitini, kwa hivyo tunalazwa na kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu. Digrii sita.”

“Sita?” Mzee akainua kichwa kutoka kwenye mto. “Hiyo ni asilimia kumi na nusu. Hapo kama hujachimba mtaro wa fanya juu, mvua moja tu inabeba shamba.”

Miaka thelathini na moja alikuwa afisa wa kilimo, akizunguka kutoka Mwala hadi Kivaa na kamba yake na pima maji, akiwaonyesha watu pa kuchimba mitaro ya kuzuia udongo. Hakuna mteremko ambao hakuuelewa. Kavata alimwona akitazama kona ya dari, midomo ikicheza, akipiga hesabu. “Kitanda cha mita mbili,” akasema, “miguuni kitainuka sentimita ishirini na moja.”

“Ishirini na moja kamili,” Justus akasema, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili baba yake kumuuliza jambo la maisha yake na kulisikiliza mpaka mwisho.

Maana hawakuwa wameagana vizuri. Justus alipopata nafasi ya kwenda, mzee alitaka abaki, ashike shamba. Kijana akafunga mzigo. Siku ya kuondoka baba hakutoka nje. Alisema akiwa chumbani, kwa sauti iliyofika uani, “Ukishafika huko usinipigie simu kuniuliza kama mvua imenyesha.” Na Justus hakupiga. Baba alipoanguka ndipo alipoanza kupiga, lakini alizungumza na Kavata, na mzee akipewa simu walisalimiana, wakaulizana hali, wakanyamaza.

Wiki moja baadaye Justus alimpigia Kavata akiwa dukani peke yake.

“Dada, naanza Ijumaa. Kuna kitu nataka uniahidi.”

“Sema.”

“Tumesaini karatasi. Mtu anaweza kuacha siku yoyote, saa yoyote, na hawamuulizi sababu. Nataka ulijue hilo. Baba akizidiwa, niambie. Usinifiche kitu ati kwa sababu niko kazini.”

“Lakini Justus, kwani lazima ufanye hii kitu?”

“Pesa zitasaidia. Lakini hapa nauguza wazee waliolala kama yeye, nawageuza, nawaosha, na sijui wanasikia nini. Nataka kujua. Sikuwa huko alipoanguka.” Kisha akarudia, “Niahidi.”

“Nakuahidi,” Kavata akasema. Mteja aliingia kuuliza dawa ya kupe, na hakulifikiria tena.

Zikaanza siku ambazo Kavata angezikumbuka kuwa njema kuliko zote za mwaka ule. Kila saa kumi jioni simu iliita. Aliisimamisha juu ya stuli, ikiegemea bakuli la usuu, uji wa mzee, na wanaume wawili waliolala wakatazamana. Wiki ya kwanza Justus alikuwa na uso uliovimba kama aliyeumwa na nyuki. Pua zilimziba na mgongo ulimuuma hata akalia usiku, na alisema hivyo bila haya.

“Mgongo ni siku kumi,” mzee akamwambia. “Baada ya siku kumi unachoka wenyewe.”

“Kweli?”

“Mimi nimetangulia hii barabara. Niulize mimi.”

Naye aliulizwa. Justus alimuuliza mambo ambayo Kavata, aliyemwosha kila siku, hakuwahi kufikiria kuyauliza: kama miguu humwasha mahali ambapo haisikii kitu, kama huota akitembea, kama huona aibu. Mzee alijibu yote. Kuhusu aibu alisema, “Siku za kwanza nilitaka kufa. Siku hizi namwonea tu huruma dada yako.” Kavata alikuwa mlangoni na karai la maji. Akarudi jikoni akasimama huko kidogo.

Justus naye akamfundisha Kavata aliyokuwa akijifunza: namna ya kukunja na kukunjua goti la mgonjwa, namna ya kusukuma nyayo ili misuli isisahau, namna ya kumlaza ubavu kwa mto katikati ya magoti. Akawaeleza kwamba wenzake wengine hulazwa juu ya mashine inayowazungusha kwa kasi ili damu irudi miguuni. Yeye hakuzungushwa wala hakufanyishwa mazoezi. Alikuwa katika kundi la kulinganishia.

“Naelewa,” mzee akasema. “Wewe ni lile shamba lisilotiwa mbolea.”

“Ni mimi huyo, Baba.”

“Basi kaa hivyo hivyo. Bila hilo shamba, hakuna anayejua mbolea imefanya nini. Watu wote hutaka kuwa lile lingine.”

Siku ya ishirini na tatu mzee aliamua kwamba na yeye ataonja. Ndugu yake mdogo, Mulwa, alikuwa amekuja kumwona, mtu mnene mwenye kucheka kwa urahisi, na wote wawili wakamzingira Kavata kwa maneno mpaka akakubali. Mulwa akainua kitanda upande wa miguu, Kavata akasukuma matofali mawili mawili chini ya kila mguu. Mzee akatoa amri wapime kwa rula. Ilikuwa sentimita ishirini. “Inatosha,” akasema, uso ukianza kujaa damu. Simu ilipoita na Justus akaona, alipiga kelele kwa Kiswahili na Kikamba pamoja.

“Mshusheni! Nyinyi mna wazimu? Mtu wa stroke! Mshusheni sasa hivi!”

Walimshusha. Haikuwa imepita dakika tatu. Mzee alikuwa anacheka, machozi yakimwingia masikioni. “Nimekuona,” alimwambia mwanawe. “Sasa nimeona uko wapi.”

Siku ya thelathini na tano mzee alianza kukohoa. Daktari Wagaki wa zahanati alimpa dawa, na kwa siku mbili ilionekana inasaidia. Kwenye simu mzee alisema machache, akasingizia baridi ya mvua za Novemba. Asubuhi ya siku ya thelathini na nane pumzi zilikuwa zinapiga filimbi kifuani, na Wagaki akasema wasingoje, apelekwe Machakos. Mulwa akaleta gari lake la Probox. Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja ya Kavata. Mulwa alipoingia ndani kuchukua blanketi, mzee akafungua macho.

“Leo ni siku ya ngapi?”

Kavata hakuhitaji kuuliza siku za nini. “Thelathini na nane.”

“Zimebaki ishirini na mbili.” Alipumzika. “Usimwambie.”

“Nau,” Kavata akasema, akimwita baba kwa Kikamba, “alinifanya niahidi kwamba...”

“Mimi nilimzuia kuanza safari yake. Nisimzuie kumaliza.” Alimshika mkono kwa ule wake wa kushoto uliokuwa na nguvu bado. “Usimwambie mpaka asimame. Umesikia?”

Ungemwambia nini mtu anayepumua vile? “Nimesikia, Nau,” Kavata akasema.

Siku tatu hizo Justus alipopiga aliambiwa baba ana mafua mabaya, koo limekauka, amekatazwa kuongea. Hakupenda. Aliuliza joto la mwili, akauliza rangi ya makohozi. Kavata alimjibu nusu ya ukweli, na nusu hiyo aliweza kuibeba kwa sababu madaktari walikuwa bado wanasema tungoje tuone.

Siku ya arobaini na moja, saa nne asubuhi, Mzee Nzomo alifariki. Kavata alikuwa ametoka kununua chai. Alipomuuliza daktari wa wodi kuhusu yale matofali, maana ndilo jambo la kwanza lililomjia, daktari hakuelewa, ikabidi amweleze yote, na aliposikia akatikisa kichwa. La, mama, ni mapafu. Wanaolala sana mapafu huwamaliza. Hiyo haina uhusiano. Kavata akashukuru. Hakuamini, na tangu siku ile hakuwahi kuamini sawasawa.

Jioni nyumba ilijaa watu. Wanawake wa kanisa walikuwa jikoni, viti vya plastiki vilikuwa vimeanza kupangwa uani. Simu iliita saa kumi. Kavata aliichukua akaenda nyuma ya tangi la maji ambako sauti za watu hazikufika, akaweka vidole juu ya kamera.

“Kamera yako iko na shida?” Justus akauliza.

“Mtandao ni mbaya. Mvua.”

“Baba je? Amelala?”

Kavata alikuwa ameandaa maneno njia yote kutoka Machakos. Alikuwa amechagua ukweli. Alikuwa ameshamkosea mzee heshima moyoni mwake na kumwomba radhi. Lakini yule kijana alikuwa amempa neno mkononi, tayari, dogo.

“Ndiyo,” akasema. “Amelala.”

“Afadhali. Mwache apumzike. Mwambie leo wamenipima miguu, imebaki kama ya kuku. Atacheka.”

“Nitamwambia.”

Kesho yake familia ilikaa kupanga mazishi. Kavata aliomba mwili ukae mochari mpaka Justus amalize, na baadaye wiki mbili za kufundishwa kutembea tena. Wazee walihesabu wakaona ni zaidi ya mwezi. Haingewezekana, walisema, watu wametoka mbali, na mzee wa kanisa halazwi kwenye barafu mwezi mzima kama aliyekosa mwenyewe. Siku kumi zilitosha.

“Basi kijana ajulishwe leo,” Mulwa akasema. “Ndiye mwana wa kiume wa pekee. Si wewe mwenyewe ulisema wanamruhusu aondoke?”

“Baba alisema asiambiwe. Mimi nilimsikia.”

“Aliyesema hayo alikuwa mgonjwa, Kavata.”

“Alikuwa na akili zake zote.”

Mulwa alimtazama. Hakuwa anacheka. “Mimi ni ndugu tu, wewe ndiwe uliyemuuguza. Siwezi kukuvunjia neno la marehemu. Lakini hili utalibeba wewe. Mimi simo.” Akawageukia waliokuwapo akawaomba wote wafunge mitandao yao, asitokee mtu wa kuandika chochote.

Kwa hivyo zilikuwa siku kumi. Kila saa kumi Justus alipiga, na kila saa kumi baba alikuwa amelala, au anaoshwa, au amekatazwa na daktari. Kavata aliambiwa mambo ya kumpelekea. Mwambie macho yangu yamepungua nguvu kidogo lakini wanasema yatarudi. Mwambie jirani yangu, Mholanzi, ameacha siku ya arobaini na nne, ameshindwa. Mwambie mimi siachi. Siku moja alirekodi ujumbe wa sauti akaomba awekewe mzee sikioni. Kavata aliusikiliza katika stoo ya duka, amekaa juu ya gunia la chakula cha kuku. “Baba, ni mimi. Nataka nikirudi tupime lile shamba la chini pamoja. Nionyeshe pima maji inavyoshikwa. Sikuwahi kukuuliza. Mvua imenyesha?”

Siku za baadaye alipojihoji, na alijihoji sana, Kavata hakuweza kusema kwamba alinyamaza kwa ajili ya amri ya baba peke yake. Ile amri ilikuwapo. Lakini pia, kila alipotoka katikati ya waombolezaji na kupokea simu ile, alikuta mahali ambapo mzee alikuwa bado anakohoa, bado amekatazwa kuongea, bado atachekeshwa na miguu ya kuku. Dunia nzima ilikuwa imeshajua kwamba Erastus Nzomo hayupo. Mtu mmoja tu hakujua, na kwa huyo baba yake alikuwa hai. Alishindwa kumuua mara ya pili.

Walimzika Jumamosi, siku ya hamsini na moja, saa nane mchana, chini ya mtaro wa kwanza aliouchimba akiwa kijana. Kavata alizima simu asubuhi. Alipoiwasha saa kumi na moja, akiwa bado na udongo viatuni, ilitetemeka mkononi bila kukoma. Simu kumi na tisa. Binamu yao Kanini, msichana wa Syokimau aliyechelewa kufika na hakusikia lile onyo, alikuwa ameweka picha ya jeneza kwenye status yake: Safiri salama, Uncle.

Alikwenda nyuma ya tangi akapiga. Ilipokelewa kabla haijaita vizuri. Hakukuwa na picha, ila pumzi tu.

“Justus.”

“Mmemfukia saa ngapi?”

“Saa nane.”

“Saa nane ya huko ni saa sita huku.” Alizungumza taratibu, kama anayesoma maandishi madogo. “Saa sita huwa wanaleta chakula. Nilikuwa nakula. Ni lazima tumalize sahani yote, wanapima. Nilikuwa nakula wali.”

“Nisamehe, mdogo wangu.”

“Alikufa lini?”

Akamwambia. Kavata alijua anahesabu, kama baba yake, midomo ikicheza.

“Ule ujumbe wangu,” Justus akasema. “Hakuusikia.”

“Hapana.”

“Siku kumi, Kavata.” Hakusema dada. “Ningekuja. Wangeniinua, wangenipa kiti cha magurudumu, ningekuja hata kwa kutambaa. Ningekuwa hapo.”

“Baba aliniambia. Ndani ya gari, alinishika mkono. Alisema nisikuambie mpaka usimame. Alisema alikuzuia kuanza safari, asikuzuie kumaliza. Hayo ni maneno yake, Justus, sijaongeza hata moja.”

Alimsikia akilia sasa, kilio cha mtu asiye na ruhusa ya kuinuka, machozi yakirudi puani na kumkaba.

“Baba alikuwa anakufa,” akasema. “Mimi ndiye niliyebaki kuishi na hii kitu. Ulipaswa kunisikiza mimi.”

Kavata alikwangua udongo wa viatu kwenye msingi wa tangi.

“Sasa utafanyaje? Utaondoka hapo?”

“Niondoke niende wapi?” Justus akasema, na simu ikakatika.

Alibaki kitandani zile siku tisa zote. Kavata alilijua hilo kwa Mulwa, maana kwake simu haikuita tena. Wakamwinua siku ya sitini. Akasimama, akaona giza, akakaa. Wakamwinua tena. Wiki mbili wakamfundisha ngazi na mizani ya mwili.

Alikuja Januari. Mulwa alimpokea uwanja wa ndege na kumpeleka nyumbani kwake mwenyewe, kwa maana ndivyo alivyoomba. Asubuhi wakaja pamoja nyumbani kwa marehemu. Kavata alikuwa ametandika kitanda cha wageni na kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ambayo Justus aliipenda tangu utotoni. Alimwona akishuka garini, mrefu, shingo nyembamba, suruali ikipwaya mapajani, akamwendea mikono mbele. Justus alimpa mkono mmoja, kama unavyompa mtu wa kanisani.

“Habari yako.”

“Nzuri. Karibu nyumbani.”

“Nimekuja kwa Baba.”

Njia ya kaburini inashuka mitaro minne. Kwa mtu mzima ni mwendo wa dakika mbili. Justus alisimama kwenye mtaro wa pili kupumzika, na kwenye wa tatu akakaa kabisa juu ya ukingo. Kavata aliyekuwa nyuma akamshika kiwiko ili amwinue. Justus aliuondoa mkono wa dada yake bila ukali, akishikilia nyasi, akainuka mwenyewe kwa taabu.

Kaburini alikaa zaidi ya saa nzima. Alichukua udongo, akaushika tu. Mulwa na Kavata walisimama mbali chini ya jua, na alipopanda tena hakula muthokoi. Alisema tumbo.

Alikaa siku sita kwa Mulwa. Siku ya tano Kavata alikwenda huko, akamkuta barazani akifanya mazoezi ya miguu, akipanda na kushuka kipandio kimoja cha ngazi, akihesabu kwa sauti ya chini. Aliketi akangoja amalize. Akamwambia yote tangu mwanzo, matofali, chai aliyotoka kununua, hata jambo lile la kushindwa kumuua baba mara ya pili, ambalo hakuwa amelisema kwa mtu. Justus alisikiliza akiangalia chini.

“Naelewa,” akasema. “Nauguza watu, nimeona familia zikifanya hivyo. Naelewa kabisa, na haisaidii.”

“Utanisamehe?”

Alifikiri. Kwa kweli alifikiri; Kavata aliona kwamba hatafuti njia ya kumwumiza.

“Sijui,” akasema. “Nikijua nitakuambia. Sitakudanganya.”

Akarudi kwenye kipandio chake. Siku iliyofuata aliondoka alfajiri, na Kavata akaambiwa saa tatu, na mtu mwingine. Alikuwa anafungua duka. Mwanamke mmoja kutoka Katelembo alikuwa anamngoja mlangoni, kuku wake wanakufa, anataka chanjo. Kavata akaitoa kwenye friji, akamweleza namna ya kuichanganya na maji safi yasiyo na dawa, tone moja jichoni kwa kila kuku. Mwanamke akauliza kama wale waliokwisha kuugua nao wachanjwe.

“Hao hapana, mama,” Kavata akasema. “Hao umechelewa.” Kisha akaomba radhi, akageukia rafu, akasimama hapo akiwa amempa mgongo mpaka alipoweza kumrudishia chenji.